Kucheza, Kukimbia, Kulemaza: Tawasifu ya Anne Wafula Strike Mbele ya Msomaji wa Kiswahili

0. Utangulizi

Mwaka 2010 kilitolewa nchini Uingereza kitabu cha Kiingereza chenye jina In My Dreams I Dance. Mwandishi wake, Anne Wafula Strike, alizaliwa mwaka 1969 kijijini Mihuu, magharibi mwa Kenya. Kabla hajatimiza miaka mitatu alishikwa na polio, na ugonjwa huo ukamwachia miguu isiyoweza kumbeba. Alisoma, akawa mwalimu, akaolewa, akahamia Uingereza mwaka 2000, na huko akaanza mbio za kiti cha magurudumu akiwa amekwisha kupita umri wa miaka thelathini. Mwaka 2004 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Paralimpiki ya Athens. Mwaka 2006 alipata uraia wa Uingereza, akaanza kushindana kwa jina la nchi hiyo. Tangu wakati huo amejulikana kwa utetezi wa michezo ya walemavu na wa haki zao kwa jumla, labda kuliko kwa mbio zenyewe. Mwaka 2014 alitunukiwa nishani ya MBE.

Kitabu hiki hakikuandikwa kwa Kiswahili, na mtu aweza kuuliza kinatafuta nini katika jarida la masomo ya Kiswahili. Jibu ni kwamba kinasimulia maisha yaliyoanzia katika nchi ambamo Kiswahili ni lugha ya kila siku, na kwamba msomaji wa Kiswahili anapokisoma hulazimika, hata bila kukusudia, kukitafsiri kichwani mwake. Katika kazi hiyo ya kutafsiri hujitokeza maswali ambayo Kiingereza chake hakiyaonyeshi. Makala haya yanadai mambo mawili. La kwanza, maneno matatu ya kawaida ya Kiswahili, yaani kucheza, kukimbia na kulemaa, yanaifungua hadithi hii mahali ambapo Kiingereza kimeifunga. La pili, umbo la kitabu, ambalo ni hadithi ya nia ya mtu mmoja, linaficha jambo ambalo mwandishi mwenyewe alikuja kulisema wazi miaka saba baadaye: nia haitoshi pale mlango ulipofungwa.

1. Kitabu na ukoo wake

Tawasifu si fani ngeni katika Kiswahili. Maisha ya Tippu Tip, yaliyosimuliwa na yeye mwenyewe, ni miongoni mwa tawasifu za kwanza katika nathari ya Kiswahili, na sehemu kubwa ya masimulizi hayo imetendeka katika ardhi hii ya Kongo. Shaaban Robert naye aliandika habari za maisha yake. Vitabu hivyo viwili vinatofautiana sana kwa nia na kwa tabia ya wasimulizi wake, lakini vina jambo moja la pamoja: mwili wa msimulizi hauna maswali. Tippu Tip hutembea, hupigana, huvuka mito. Hahitaji kumweleza msomaji kwamba ana miguu. Mwili mzima huchukuliwa kuwa jambo lisilohitaji kutajwa, kama karatasi ambayo maandishi yameandikwa juu yake.

Katika kitabu cha Wafula Strike mwili ndio unaoanza kusema. Masimulizi yanafuata mwendo wa maisha: ugonjwa, kijiji, shule, chuo kikuu, kazi, ndoa, uhamiaji, riadha. Kila hatua hupimwa kwa mwili. Kuingia darasani si kuingia tu, ni kujua mlango una ngazi ngapi. Hili ndilo fanikio la kwanza la kitabu, na ni fanikio la kifani, si la maudhui peke yake: msomaji mwenye miguu hujikuta anahesabu ngazi ambazo hajawahi kuzihesabu katika maisha yake. Mwandishi hahitaji kuhubiri ili kuyafanya hayo. Anaeleza tu alivyopita, na kueleza huko kunatosha.

2. Kucheza

Jina la kitabu lina maana ya "Katika ndoto zangu nacheza ngoma". Katika Kiingereza, kitenzi kilichotumika kinahusu ngoma peke yake. Mwenye kucheza mpira hutajwa kwa kitenzi kingine, na mwenye kushindana mbio hutajwa kwa kingine tena. Kwa hiyo msomaji wa Kiingereza hulielewa jina hilo kama tamko la upungufu: kuna jambo moja ambalo mwili huu hauwezi kulitenda katika macho, na hulitenda usingizini tu. Michezo, inapokuja baadaye katika kitabu, huja kama fidia ya ngoma iliyokosekana.

Kiswahili hakigawi hivyo. Kucheza ni ngoma, ni mpira, ni karata, ni watoto uani. Ni pia kutikisika kwa kitu kisichokazwa: jino hucheza, gurudumu hucheza. Nomino inayotokana na kitenzi hicho, yaani mchezo, ndiyo iliyopewa kazi ya kutaja michezo yote, ya shuleni na ya dunia nzima. Mfasiri akiandika "Katika ndoto zangu nacheza", bila kuongeza neno ngoma, atakuwa ameandika jina lililokwisha kulitaja lengo la kitabu tangu jalada. Yule anayecheza ndotoni ni yule yule anayecheza uwanjani. Hakuna fidia, kwa sababu hakuna kilichobadilishwa na kingine. Kuna kitenzi kimoja kilichopata nafasi ya kutendeka.

Tofauti hii si ya maneno tu. Msomaji wa Kongo analo jambo la kukiuliza kitabu hapa. Katika miaka ile ile kitabu kilipoandikwa na kutolewa, kundi la wanamuziki wa Kinshasa liitwalo Staff Benda Bilili, ambao wengi wao waliugua polio utotoni na hutembelea baiskeli za magurudumu matatu, lilitoa albamu yake Très Très Fort mwaka 2009, na filamu juu ya maisha yao ikaonyeshwa huko Cannes mwaka 2010. Watu hao walicheza ngoma jukwaani, mbele ya umati, wengine juu ya baiskeli zao na wengine chini sakafuni kwa nguvu za mikono. Hawakusubiri ndoto. Aliyewaona atajiuliza ni nani aliyeamua kwamba ngoma huchezwa kwa miguu.

Swali hilo halimkosoi Wafula Strike kwa kuwa na ndoto yake. Ndoto haina mahakama. Linaikosoa tabia ya kitabu ya kuipokea maana ya ngoma kama ilivyowekwa na wenye miguu, kisha kuhuzunika nje ya mlango wake. Ajabu ni kwamba maisha yake ya riadha yanaipinga tabia hiyo. Katika uwanja wa mbio hakuipokea maana ya zamani ya mbio. Aliingia, na maana ikabidi ipanuke.

3. Kukimbia na kukimbizwa

Je, mtu aliyeketi aweza kusemwa kwamba anakimbia? Watangazaji wa michezo mara nyingine husita mbele ya swali hili, wakasema "anaendesha kiti" au "anasukuma kiti", kama kwamba mwanariadha ni dereva. Lakini Kiswahili cha kila siku kimekwisha kulijibu. Gari hukimbia, mashua hukimbia, farasi hukimbia. Kukimbia ni kwenda kwa kasi. Miguu ni njia mojawapo tu. Kwa hiyo mwanariadha wa kiti ni mkimbiaji kwa haki kamili ya sarufi, wala hahitaji alama za mashaka pembeni mwa jina lake.

Yafaa pia kueleza chombo chenyewe, kwa kuwa wengi hukichanganya na kile cha hospitali. Kiti cha mbio kina magurudumu matatu: moja dogo lililotangulizwa mbali mbele, na mawili makubwa yaliyoinamia ndani kwa upande wa juu ili chombo kisipinduke penye kona. Mwanariadha hainui gurudumu wala halivuti. Hulipiga kwa mikono yenye glavu ngumu kwenye pete ndogo iliyofungwa ubavuni mwake, pigo baada ya pigo, huku kifua kikiwa kimeinama juu ya magoti. Washindani hupangwa kwa madaraja kufuatana na nguvu za mwili. Daraja la T53, alilopangiwa Wafula Strike, ni la wenye mikono yenye nguvu kamili ambao misuli ya kiwiliwili haiwasaidii au inawasaidia kidogo tu. Wale wa T54 wana msaada zaidi wa kiwiliwili. Neno kiti, basi, linadanganya kidogo. Jina linahusu kukaa, na chombo kimeundwa kwa ajili ya kwenda.

Kitenzi hiki cha kukimbia kina jambo jingine ambalo msomaji wa kitabu hiki hawezi kuliacha. Katika Kiswahili, kukimbia ni kushindana na ni kutoroka. Mkimbiaji na mkimbizi ni watoto wa mzizi mmoja. Mwandishi anasimulia jinsi majirani kijijini walivyoiona polio ya mtoto kuwa laana au uchawi, na jinsi chuki hiyo ilivyoilazimisha familia yake kuondoka. Kwa lugha ya kisarufi, mtoto huyu alikimbizwa kabla hajakimbia. Kauli ya kutendwa ilitangulia kauli ya kutenda. Sehemu kubwa ya kitabu yaweza kusomwa kama safari ya kutoka kauli moja kwenda nyingine, na ni katika safari hiyo kwamba masimulizi yana nguvu zaidi, hasa pale anapomweleza baba aliyekataa kumficha binti yake na akashikilia kwamba atasoma.

Hapa, hata hivyo, panahitajika tahadhari. Msomaji wa Ulaya aliyelengwa na kitabu aweza kuigawa dunia mara mbili kwa urahisi: huko Afrika, uchawi na kukimbizwa, huku Ulaya, uwanja na kukimbia. Kitabu hakisemi hivyo waziwazi, lakini mpangilio wa matukio unauruhusu usomaji huo, na hakuna sura inayouzuia. Lakini polio iliyompata mtoto wa Mihuu mwanzoni mwa miaka ya 1970 haikuwa kazi ya mila. Mpango wa taifa wa chanjo nchini Kenya ulianzishwa mwaka 1980 tu. Majirani walilipa jina la laana jambo ambalo serikali ya kikoloni na iliyoifuata zilikuwa hazijalifikisha kijijini: tone la dawa mdomoni mwa mtoto.

4. Kilema, mlemavu, mwenye ulemavu

Mfasiri wa kitabu hiki atakutana mapema na tatizo lililo la isimu kwelikweli. Mwandishi atamwitaje nafsi yake kwa Kiswahili?

Neno la zamani ni kilema. Lina mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, ni jina la kasoro na pia ni jina la mtu. Husemwa "ana kilema cha mguu", na husemwa "yeye ni kilema". Katika matumizi ya pili mtu amemezwa na kasoro yake. Hakibaki kitu kingine cha kutajwa. Pili, neno limo katika umbo la ngeli ya KI-VI, pamoja na kiwete, kipofu na kiziwi, yaani katika jamii ya kiti, kisu na kijiko.

Ni kweli kwamba hoja hii ya pili haifai kupigiwa chuku, kama inavyofanywa mara nyingi. Umbo la KI-VI limebeba pia kijana, kiongozi na kinyozi, na hakuna anayedai kwamba kiongozi ametukanwa na sarufi. Zaidi ya hayo, upatanisho humrudishia mtu utu wake: "kipofu amekuja, vipofu wamekuja", si "kimekuja" wala "vimekuja". Hata katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambamo vi- husikika kama bi- na watu husema bilema, vitenzi vinavyofuata huchukua viambishi vya watu. Dharau haikai katika kiambishi. Hukaa katika kinywa. Lakini lugha imeiwekea dharau silaha karibu na mkono. Anayetaka kumshusha mtu huuacha upatanisho wa watu na kushika ule wa vitu: "kilema kile kimekaa mlangoni". Hakuna aliyezaliwa katika Kiswahili ambaye hatasikia tusi katika sentensi hiyo, ingawa hakuna neno la tusi ndani yake.

Mlemavu, neno lililoenea baadaye, linatokana na kitenzi kulemaa na limeingizwa moja kwa moja katika ngeli ya watu. Hatua hiyo ni kubwa, kwani kasoro na mtu vimetenganishwa: kasoro ni ulemavu, mtu ni mlemavu. Siku hizi hati rasmi hupendelea "mtu mwenye ulemavu", ambapo mtu hutangulia na ulemavu hubaki kuwa mojawapo ya alivyo navyo. Mfuatano wa majina hayo matatu ni historia fupi ya fikra: kwanza mtu ni kasoro, kisha mtu ameumbwa na kasoro, mwishowe mtu ana kasoro.

Hata hivyo, mwanariadha hapati jina lake katika mfuatano huo, kwa kuwa yote matatu huanza na ulemavu. Historia ya michezo yenyewe inalifundisha hili. Tarehe 29 Julai 1948, daktari Ludwig Guttmann aliandaa mashindano ya upinde na mishale katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, na washindani 16 walikuwa askari waliopooza. Waliingia uwanjani wakiwa wagonjwa, kwa maana mchezo ulikuwa sehemu ya tiba. Mwaka 1960, huko Roma, walishindana wanamichezo 400 kutoka nchi 23. Mabadiliko makubwa ya miaka ile 12 hayakuwa ya idadi tu, yalikuwa ya jina: mgonjwa aliondoka, mshindani akaingia. Wafula Strike alipofika Athens alikuwa mrithi wa mabadiliko hayo. Ndiyo maana, katika kurasa zake za riadha, kitabu husahau kujieleza na kuanza kuzungumza juu ya mazoezi, glavu, mabega na saa, kama mwanariadha yeyote. Kurasa hizo ndizo tulivu kuliko zote, na ndizo zinazoshawishi kuliko zote.

Methali isemayo "Hujafa hujaumbika" hutajwa mara nyingi katika mazungumzo ya aina hii. Ni methali ya hekima, kwani humkumbusha mzima asimcheke mwenziwe, maana kuumbwa kwake hakujaisha. Lakini ichunguzwe vizuri: inamwambia mzima aogope kufanana na kilema kesho. Haimwambii akae naye leo, wala amsogezee njia. Maadili yake ni ya kujizuia, si ya kujenga.

5. Kulemaza

Mwezi wa Disemba mwaka 2016 Wafula Strike alikuwa akirudi nyumbani kwa garimoshi, nchini Uingereza, baada ya mkutano wa viongozi wa riadha. Choo pekee ambacho angeweza kukiingia na kiti chake kilikuwa kibovu. Safari ilikuwa ndefu, na hakupata msaada wa kushuka kituoni kwa wakati. Haja ndogo ikamtoka hapo alipokuwa ameketi, katikati ya abiria. Mwanzoni mwa Januari 2017 aliyasimulia hayo magazetini kwa jina lake mwenyewe.

Uamuzi huo ni tendo la kifasihi pia, na lastahili kupimwa pamoja na kitabu. Katika adabu ya Waswahili, na katika adabu ya Waingereza vilevile, jambo la aina hiyo hufichwa. Lugha yenyewe huliita haja, kwa staha, isilitaje. Mwanamke aliyekwisha kuandika kitabu cha ushindi, mwenye nishani, mama wa mtoto, mjumbe wa baraza la riadha, alichagua kusimulia kisa ambacho ndani yake hashindi chochote. Hakuna nia iliyoshinda pale. Hakuna mazoezi ambayo yangemsaidia. Mabega yaliyosukuma kiti katika uwanja wa Athens hayakuweza kutengeneza choo cha garimoshi.

Kwa kisa hicho kifupi, mwandishi aliusahihisha mwisho wa kitabu chake. Tawasifu ya mwaka 2010 inaongozwa na mantiki ya ndoto: anayeota kwa nguvu, akajibidiisha, atafika. Mantiki hiyo ndiyo wachapishaji huipenda, na wasomaji hufarijika nayo, maana haimdai msomaji kitu. Akiisha kufunga kitabu, husema "mwanamke huyu ni shujaa", na kuendelea na shughuli zake. Neno shujaa katika matumizi haya ni ndugu wa neno maskini. Maskini huhurumiwa na shujaa husifiwa, lakini wote wawili huachwa peke yao na ngazi zao.

Hapa Kiswahili kinatoa msaada ambao kitabu hakikuwa nao. Kulemaa ni kitenzi cha hali; mtu amelemaa, na sentensi haiulizi zaidi. Lakini kitenzi hicho kina kauli ya kutendesha: kulemaza. Na penye kutendesha lazima awepo mtendeshaji. Nani amemlemaza? Polio ilimlemaza mwaka mmoja wa utoto wake. Garimoshi lenye choo kibovu lilimlemaza tena mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 47, katika nchi tajiri ambayo Sheria yake ya Usawa ilipitishwa mwaka ule ule wa 2010 uliotoa kitabu chake. Mgawanyo wa dunia mbili, Afrika ya laana na Ulaya ya uhuru, unavunjika hapo. Kijiji kilimlemaza kwa imani, na behewa likamlemaza kwa uzembe. Tofauti ni kwamba imani ya kijiji hutajwa vitabuni kama mila, ilhali uzembe wa behewa huitwa bahati mbaya.

Yaweza kusemwa, kwa kukitetea kitabu, kwamba mwandishi hawezi kulaumiwa mwaka 2010 kwa kutoandika tukio la mwaka 2016. Ni kweli. Lakini vikwazo vya aina hiyo vimo tayari katika kitabu, tangu ngazi za shule hadi milango ya ofisi. Kilichokosekana ni kuviuliza vina mwenyewe nani. Kila mara kikwazo kinapotokea, masimulizi humgeukia msimulizi na kuonyesha alivyokiruka. Hayamgeukii aliyekijenga.

6. Kiti kilichomfikia Mkongo

Kwa msomaji wa Kongo hadithi hii ina ukurasa wa ziada. Katika Michezo ya Paralimpiki ya London mwaka 2012, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilishiriki kwa mara ya kwanza, ikiwa na wanariadha wawili. Mmoja wao, mwanamke, aliandikishwa kwa mbio za kiti za meta 100, naye hakuwa na kiti cha mbio. Kiti alichokimbilia alipewa na Anne Wafula Strike.

Tendo hilo laweza kusifiwa kwa wema wake, na linastahili. Lakini likisomwa kwa mwanga wa kauli ya kutendesha, linasema zaidi ya wema. Kiti cha mbio hugharimu maelfu ya dola na hupimwa kwa mwili wa mwenyewe kama vazi. Mwanariadha aliyefika London bila chombo hakupungukiwa na ndoto wala nia, kwani bila hivyo hangefika. Alipungukiwa na kile ambacho shirikisho, wizara na taifa vilipaswa kuwa vimekwisha kukitoa miaka kadhaa kabla. Mkono wa mtu mmoja ulijaza pengo la taasisi, kwa siku chache, kwa mbio moja.

Mikono yenye nguvu haijakosekana nchini. Huko Goma, kwenye mpaka wa Rwanda, na huko Kinshasa kwenye gati la mto, wenye baiskeli za magurudumu matatu wamezoeleka kwa miaka mingi wakivusha mizigo ambayo wenye miguu wangeiogopa. Nguvu hizo ni zile zile zinazotafutwa na kocha wa mbio. Wala sheria haijakosekana tena: Katiba ya mwaka 2006 inataja haki ya watu wenye ulemavu ya kupewa ulinzi maalumu, na sheria ya msingi ya Mei 2022 imewekwa kwa ajili ya kulinda na kukuza haki zao. Ugonjwa nao haujawa hadithi ya kale. Tarehe 25 Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa huru kutokana na virusi vya asili vya polio, lakini virusi vinavyotokana na chanjo, ambavyo huenea pale watoto wengi wasipochanjwa, viliendelea kupooza watoto wa Kongo katika miaka iliyofuata. Wasomaji wa baadaye wa kitabu hiki, kwa hiyo, wamekwisha kuzaliwa.

7. Hitimisho

In My Dreams I Dance ni kitabu chema chenye mwisho uliofika mapema mno. Nguvu yake imo katika kuufanya mwili useme, na katika kurasa za riadha ambamo msimulizi huacha kujitetea na kuanza kukimbia. Udhaifu wake ni kuyaweka mabadiliko yote ndani ya kifua cha mtu mmoja. Udhaifu huo ulirekebishwa na mwandishi mwenyewe nje ya kitabu, kwa utetezi wake, na hasa kwa ujasiri wa kusimulia kushindwa ambako si kwake.

Kinastahili kusomwa na wanafunzi wa Kiswahili, na kujaribiwa kutafsiriwa katika mazoezi ya tafsiri, kwa sababu kinamlazimisha mfasiri kuamua mambo ambayo kamusi haimwamulii. Jina lake liandikwe "nacheza", bila ngoma, ili uwanja nao uingie. Mwenye kiti aitwe mkimbiaji. Na kila mahali ambapo sentensi ya Kiingereza inasema kwamba alikuwa hawezi kuingia, mfasiri ajiulize kama Kiswahili hakingesema kwa uaminifu zaidi kwamba alizuiwa, kisha amtafute mtenda wa kitenzi hicho.

Utafutaji huo hauna haja ya kuanzia mbali. Kitabu kikiwekwa katika maktaba iliyo juu ya ghorofa isiyo na njia ila ngazi, yupo mwanafunzi atakayejua jina lake, atakayejua limepangwa kwenye rafu ipi, na ambaye hatakishika.